Mmarekani ni Nani? Uhakiki wa Hati ya Miaka 250

Hivi karibuni, katika kozi moja ya makada niliyokuwa nikiifundisha, niliandika ubaoni swali fupi: Mmarekani ni nani? Nikawapa washiriki dakika kumi waandike majibu bila ya kushauriana. Majibu yalikuwa ya aina mbili. Ndugu wengi waliandika kwamba Mmarekani ni beberu, mnyonyaji wa mataifa machanga na adui wa ukombozi wa wanyonge. Wachache, hasa vijana, waliandika kwamba Mmarekani ni mtu aliyefanikiwa. Mmoja wao, nilipomdadisi, alikiri kwamba kwa miaka minne mfululizo alikuwa akijaza fomu za ile bahati nasibu ya viza. Darasa zima lilimcheka.

Mimi sikucheka, kwa sababu nilitambua kwamba majibu yote mawili yalitoka kwangu. La kwanza nililifundisha mimi mwenyewe, mwaka baada ya mwaka. La pili ni tunda la ufundishaji huo huo, kwani ukimwambia kijana kwamba nchi fulani imejaa matajiri watupu, usishangae akitaka kwenda. Tulikuwa tukisema "Marekani" kana kwamba nchi nzima ni mzee mmoja mwenye kofia ndefu na mfuko wa dola, kama achorwavyo kwenye vibonzo vya magazeti. Uchambuzi wa kitabaka tuliotumia kwa nchi nyingine zote, kwa nchi hii tuliuweka kabatini. Hilo ni kosa la kinadharia, na linastahili kusahihishwa hadharani.

Mataifa mengi hujieleza kwa lugha, kwa ardhi ya mababu, au kwa kumbukumbu ya mapambano ya pamoja. Wamarekani hupenda kujieleza kwa hati. Ukiuliza ni kitu gani humfanya Mmarekani awe Mmarekani, utajibiwa kwamba si ukoo wala dini, bali ni kuikubali misingi iliyotangazwa Philadelphia tarehe 4 Julai 1776. Basi na tuwachukue kwa neno lao. Tuweke kando kwa muda manowari na mabenki, tuyasome maandishi yenyewe, ambayo miaka 250 yake inaangukia tarehe 4 Julai 2026.

HATI NA WENYE HATI

Sehemu ya hati hiyo inayokaririwa shuleni ni ile fupi ya mwanzo, inayotangaza usawa wa binadamu na haki zao za kuishi, kuwa huru na kuitafuta furaha, na kwamba uhalali wa serikali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Ni fikra nzito. Ho Chi Minh alianzia hapo alipotangaza uhuru wa Vietnam mjini Hanoi tarehe 2 Septemba 1945. Na serikali ya nchi iliyoziandika fikra hizo ikaja baadaye kumwaga mabomu juu ya nchi yake. Yafaa pia kukumbuka kwamba wanafalsafa wa Kiingereza waliomtangulia Jefferson walipozitaja haki za asili waliiweka mali pale ambapo yeye aliweka furaha. Wapo wanaosema kwamba badiliko hilo lilikuwa hatua mbele. Inawezekana. Lakini mali haikutoweka kwa kufutwa katika sentensi. Iliendelea kukaa mashambani, na sehemu yake kubwa ilikuwa ni watu.

Kada asiishie kwenye ukurasa wa mwanzo. Sehemu kubwa ya hati ni orodha ya mashtaka dhidi ya Mfalme George wa Tatu, na ndani ya mashtaka hayo ndimo tabaka la waandishi linamojionyesha. Mfalme analaumiwa kwa kodi, kwa majeshi na kwa mahakama. Analaumiwa vile vile kwa kuweka masharti magumu ya kutwaa ardhi mpya, yaani ardhi ya wenyeji. Na katika shtaka la mwisho kabisa analaumiwa kwa kuchochea maasi ya ndani na kuwachochea wenyeji wa mipakani, ambao hati inawaeleza kama makatili wasiojua huruma. Maasi yapi hayo ya ndani? Novemba 1775 gavana wa Kiingereza wa Virginia, Lord Dunmore, alikuwa ametangaza kwamba watumwa wa waasi watakaokimbilia jeshi la mfalme watakuwa huru. Kwa maneno mengine, karatasi ile ile inayotangaza usawa wa binadamu inalalamika kwamba mtu fulani amewaahidi watumwa uhuru. Nimekwisha wasomesha wanafunzi wengi hati hii, na sijaona mahali pengine ambapo ukinzani wa jamii umebanwa ndani ya karatasi moja namna hii.

Jefferson, aliyekuwa na umri wa miaka 33, na ambaye katika maisha yake alimiliki watumwa zaidi ya 600, alikuwa ameandika katika rasimu kifungu cha kulaani biashara ya utumwa, akimtwisha mfalme lawama yote. Kongamano lilikifuta. Baadaye alieleza kwamba majimbo ya South Carolina na Georgia hayakukitaka, na kwamba hata ndugu zao wa kaskazini waliona haya kidogo, kwa kuwa meli zilizobeba watumwa zilikuwa zao. Mabwana shamba wa kusini na wenye meli wa kaskazini walikubaliana kunyamaza. Katiba ya mwaka 1787 iliuendeleza ukimya huo kwa ustadi: haikulitaja neno "mtumwa" hata mara moja, lakini ilimhesabu mtumwa kuwa tatu ya tano ya mtu katika kugawa viti vya wabunge, na ikazuia biashara hiyo isipigwe marufuku kabla ya mwaka 1808. Mwaka 1790 sheria ya uraia ikasema waziwazi kile ambacho hati ilikuwa imekificha: mgeni atakayeruhusiwa kuwa raia ni mtu huru mweupe. Mwaka 1857, katika kesi ya mtumwa Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney akatamka kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwamba waandishi wa 1776 hawakuwa na nia ya kumhesabu.

Hapa wanafunzi wangu husema: basi hati ni ulaghai, tuitupe. Hilo ndilo jibu nililokuwa nikilikubali. Sasa naona kwamba linampa Jaji Taney ushindi. Ukisema hati ilikuwa ya weupe tu, umekubaliana naye.

DOUGLASS AISOMA MBELE YA WENYEWE

Frederick Douglass alizaliwa mtumwa Maryland yapata mwaka 1818, akatoroka mwaka 1838. Tarehe 5 Julai 1852, akina mama wa chama cha kupinga utumwa mjini Rochester, jimbo la New York, walimwalika ahutubie sherehe za uhuru. Hotuba yake ni kazi ya uhakiki kwa maana kamili ya neno hilo, na ningependa kila mkufunzi wa siasa aisome kwa ajili ya mbinu yake. Anaanza kwa kuwasifu waasisi, na kwa muda mrefu wasikilizaji wanaweza kudhani wamemwalika mgeni mpole. Lakini sikiliza viambishi vyake, au tuseme viambishi ambavyo angetumia kama angehutubia kwa Kiswahili: waasisi ni wenu, uhuru ni wenu, siku hii ni yenu. Hasemi "yetu". Halafu anageuka na kuuliza mtumwa ana sehemu gani katika sherehe hiyo, na kutoka hapo hana upole tena.

Jambo la maana zaidi liko mwishoni. Wenzake wengi katika harakati waliamini kwamba Katiba ni mapatano na ushetani. Douglass alikuwa amekwisha achana na msimamo huo. Alidai kwamba maandishi, yakisomwa kama yalivyo, hayampi mwenye mtumwa haki yoyote, na kwamba nia iliyofichwa kifuani mwa mwandishi haiwezi kumfunga msomaji. Alikuwa akiwaambia wenye hati: mmeandika deni, nami nimekuja kudai. Kwa mbinu hiyo Mmarekani si yule aliyeirithi hati kutoka kwa babu yake. Ni yule anayeidai itimizwe, hata kama iliandikwa ili kumfungia nje.

Huu ndio urithi bora wa Kimarekani, na ni urithi wa wanyonge wa nchi ile, wala si wa mabwanyenye wake. Baada ya vita vya 1861 hadi 1865, vilivyoua watu zaidi ya 600,000, deni lilikubaliwa kwa maandishi. Rekebisho la 14 la Katiba, la mwaka 1868, liliufuta uamuzi wa Taney: aliyezaliwa katika nchi ile na kuwa chini ya sheria zake ni raia. Mpishi mmoja wa San Francisco aitwaye Wong Kim Ark, aliyezaliwa na wazazi wa Kichina, alilitumia rekebisho hilo mwaka 1898, wakati sheria ya 1882 ya kuwazuia vibarua wa Kichina ilikuwa bado inafanya kazi, na Mahakama Kuu ikampa haki yake.

Lakini mhakiki halazimiki kumpenda mtu hata asione mipaka yake. Mwaka 1889 Douglass aliteuliwa kuwa balozi wa Marekani nchini Haiti, jamhuri iliyoasisiwa na watumwa walioasi. Serikali yake ilitaka bandari ya Môle Saint-Nicolas iwe kituo cha manowari, na mwaka 1891 mzee huyu alikaa upande wa wanaoomba, pamoja na mkuu wa kikosi cha manowari zilizotia nanga karibu na mji mkuu. Haiti ilikataa, naye akajiuzulu mwaka huo huo. Simsimangi. Lakini ni dhahiri kwamba mtu aliyekwisha kubaliwa ndani ya nyumba anaweza kutumwa na mwenye nyumba kwenda kugonga mlango wa jirani usiku.

KARATASI BILA ARDHI

Kilichopungua katika mbinu ya Douglass kinaonekana vizuri zaidi shambani kuliko mahakamani. Januari 1865 Jenerali Sherman alitoa amri ya kuwagawia watu waliotoka utumwani ardhi ya pwani ya South Carolina, Georgia na Florida, kwa vipande visivyozidi ekari 40 kwa kila familia. Maelfu wakalima. Kabla mwaka haujaisha Rais Andrew Johnson akawasamehe mabwana waasi na kuwarudishia mashamba. Kwa hiyo wakati Rekebisho la 14 linapitishwa, raia mpya alikuwa na karatasi mkononi na miguu juu ya ardhi ya bwana wake wa zamani, akilima kwa nusu ya mavuno na kukopa mbegu katika duka la bwana huyo huyo. Mwaka 1896 Mahakama ikaongeza kwamba kumtenga ni halali.

Aliyelieleza jambo hili kinadharia ni W.E.B. Du Bois, aliyezaliwa mwaka ule ule wa 1868. Katika kitabu chake cha 1935, Black Reconstruction in America, alionyesha kwamba watumwa hawakukaa wakisubiri kukombolewa: waliyahama mashamba kwa mamia ya maelfu, na uhamaji huo ulikuwa mgomo mkuu uliouvunja uchumi wa kusini. Kisha akauliza swali ambalo kwangu mimi ndilo kiini cha kumwelewa Mmarekani hata leo. Kwa nini mzungu maskini hakuungana na mweusi maskini, ilhali njaa yao ilikuwa moja? Jibu lake ni kwamba mfanyakazi mweupe, pamoja na ujira wake duni, alilipwa ujira mwingine usio wa fedha: kuamkiwa kwa heshima, kuingia bustani na shule bora, kuwa na askari na majaji wanaotoka upande wake. Bwanyenye aliulipa ujira huo kwa furaha, kwa kuwa haukumgharimu hata senti.

Tafadhali msomaji simama hapa kidogo. Sisi tumezoea kudhani kwamba kasumba ni kitu kilicholetwa na wakoloni kwa watu wanaotawaliwa. Du Bois anatuonyesha kasumba inayolipwa kama mshahara, ndani ya nchi yenyewe ya kibeberu, kwa mfanyakazi mweupe. Mtu anayelipwa hivyo huulinda ujira huo kuliko anavyoulinda mshahara wake wa kweli. Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ya Marekani kiliwekwa dola 7.25 kwa saa Julai 2009, na kikakaa zaidi ya miaka 15 bila ya kupanda hata senti moja. Katika kipindi hicho hicho kura nyingi zilipigwa kwa hasira dhidi ya wageni wanaovuka mpaka. Wanasiasa waliolea hasira hiyo hawakuwa wakiahidi kupandisha kima cha chini. Walikuwa wakiahidi kuulinda ule ujira mwingine.

Wapo waliokataa kulipwa namna hiyo, na wapo waliodai ujira wa kweli. Februari 1968, katika mji wa Memphis, wazoa taka wawili walisagwa na mashine ya gari lao walipojikinga mvua ndani yake. Wenzao wapatao 1,300, karibu wote weusi, wakagoma. Mabango waliyovaa vifuani yalikuwa na maneno machache ya kusema kwamba aliyeyabeba ni mtu. Sheria kubwa za haki za kiraia za 1964 na za kura za 1965 zilikuwa zimekwisha pita. Kwa karatasi, wazoa taka hao walikuwa Wamarekani kamili. Walichokuwa wakidai kilikuwa chama cha wafanyakazi na mshahara wa kulisha watoto. Martin Luther King alikwenda kusimama nao, na huko Memphis akauawa tarehe 4 Aprili. Mara nyingi katika madarasa yetu kifo hicho hufundishwa kama habari ya rangi. Kilitokea katika mgomo wa wafanyakazi, na mkufunzi asiyelitaja hilo amefundisha nusu.

MLANGO UNAFUNGWA TENA?

Tarehe 20 Januari 2025, siku ile ile aliyoapishwa, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuwanyima uraia watoto wanaozaliwa Marekani na mama asiye na kibali cha kukaa, au mwenye kibali cha muda tu, ikiwa baba naye si raia wala mkaazi wa kudumu. Kesi zilifunguliwa mara moja, na majaji wa mahakama za chini wakaizuia. Lakini swali limekwisha rudishwa mezani. Jambo lililoonekana limefungwa na Rekebisho la 14, na kuthibitishwa na mpishi wa San Francisco mwaka 1898, liliweza kufunguliwa kwa kalamu ya mtu mmoja. Katika mashamba ya matunda na mboga ya California, sehemu kubwa ya mikono inayochuma ni ya watu wasio na kibali. Jasho lao linakubaliwa kila siku, na mtoto wao anaulizwa karatasi. Wakaazi wa Puerto Rico, kisiwa kilichotwaliwa mwaka 1898, wamekuwa raia tangu 1917, na bado hawamchagui rais.

Ndugu fulani, mkufunzi mwenzangu, aliposoma rasimu ya makala haya aliniuliza kama nimeamua kuwatetea mabeberu. La hasha. Njama ya shirika la ujasusi la Marekani ya kumtilia sumu Patrice Lumumba haikufutika kwa sababu Douglass alihutubia vizuri. Lakini namkumbusha ndugu huyo kwamba habari za njama hiyo zilichapishwa mwaka 1975 na kamati ya Seneti ya Marekani yenyewe, baada ya raia wengi wa nchi ile kuchoshwa na vita vya Vietnam na uongo wa serikali yao. Anayepigana na ubeberu bila ya kuwajua Wamarekani hao ni kama mtu aliye vitani asiyetaka kusikia kwamba ana washirika nyuma ya mistari ya adui.

Sisi wenyewe hatukuwa mbali na mtihani huu. Oktoba 1961 muswada wa uraia ulipojadiliwa katika Bunge la Tanganyika, wapo waliotaka uraia ufuate rangi. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, akaweka wazi kwamba wakishinda, serikali yake itajiuzulu. Alikuwa akijadiliana na wanachama wa TANU, watu waliotoka kudhalilishwa na ubaguzi jana yake, na hasira yao ilikuwa na sababu. Juni 1974 swali hilo hilo lilirudi Dar es Salaam katika umbo jingine, Mkutano wa Sita wa Umajumui wa Afrika ulipokutana, na ujumbe mkubwa wa Wamarekani weusi ukiwemo. Mabishano makali yalikuwa juu ya nini kitangulie, rangi au tabaka. Waliokuja wakitarajia kupata nyumbani kwa sababu ya ngozi yao waliambiwa kwamba ngozi haitoshi. Wengine waliondoka wamekasirika, nami sidhani kwamba tuliwasikiliza vya kutosha. Walikuwa wametoka katika nchi ambako ngozi ndiyo sare ya tabaka.

Mkutano wa kwanza katika mlolongo huo wa mikutano uliitishwa na Du Bois, Paris, mwaka 1919. Mwaka 1951 serikali yake ilimshtaki kuwa wakala wa nchi ya kigeni, akiwa na umri wa miaka 82. Mahakama ilimwachia, lakini kwa miaka kadhaa alinyimwa pasipoti, hata hakuweza kuhudhuria sherehe za uhuru wa Ghana mwaka 1957. Alihamia huko mwaka 1961 kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah. Mwaka 1963 ubalozi wa nchi yake ulikataa kumpa pasipoti mpya, naye akachukua uraia wa Ghana. Alifariki Accra tarehe 27 Agosti mwaka huo. Kesho yake watu wapatao 250,000 walikusanyika Washington, mbele ya sanamu ya Lincoln, kudai kazi na uhuru. Kazi ilitajwa kwanza katika jina la maandamano yale. Kabla King hajahutubia, Roy Wilkins alipanda jukwaani akawaambia kwamba mzee amefariki. Umati ukanyamaza kumkumbuka Mmarekani aliyekufa akiwa raia wa Ghana.